Video Iliyomfisha Bibi Hedwiga

"Asheri, umemuua bibi yangu."

Careen aliyasema hayo taratibu, gauni lake la sendofu amelikusanya mikononi, machozi yakichimba mifereji kwenye poda. Nyuma yake ukumbi mzima wa pale Same mjini ulikuwa unalia.

Asheri, bwana harusi mtarajiwa, alisimama na soda mkononi. Bibi Hedwiga alikuwa mzima. Alikuwa na uhakika huo. Alichokosea ni video tu.

Bibi, mama yake baba wa Careen, aliishi juu Chome, na goti lake halikuruhusu safari ya kushuka mlima. Careen alikuwa amesema kwamba bila Bibi kwenye sendofu hatajiona ameagwa. Kwa kuwa kazi ya Asheri ni kupiga na kuhariri video, alipanda Chome, akatundika kitambaa cha kijani ukutani, akamrekodi Bibi akitoa baraka zake. Mpango ulikuwa mzuri. Angeondoa ule ukijani, Bibi abaki peke yake bila kitu nyuma, kisha ukumbini mtu wa projekta amweke juu ya picha ya Careen na Asheri, aonekane amesimama katikati yao.

Kwenye kompyuta yote yalikwenda sawa. Nyuma ya Bibi vilitokea vile vimiraba vya kijivu na vyeupe, alama kwamba pale ni wazi. Asheri alifurahi karibu abusu kioo. Lakini alipoitoa video iwe faili la kupeleka ukumbini, mkono ukachagua aina ya MP4 kwa mazoea, na MP4 ya kawaida haibebi uwazi. Panapotakiwa kuwa wazi, panakuwa peusi. Hakuikagua. Alimkabidhi mtu wa projekta flashi, akaenda kuvaa suti.

Basi pale ukumbini picha ya wapendanao ilimezwa na giza, akabaki Bibi peke yake katikati ya weusi, kilemba cheupe kichwani, kinanda kikilia polepole.

"Wanangu," alisema Bibi, "kimwili sipo nanyi, ila nawaona. Msinililie. Kuleni, mfurahi. Tutaonana."

Shangazi mmoja alianguka pamoja na kiti chake. MC Yunus, aliyeitwa kuja kuwachezesha watu, alivua kofia na kuwaomba wote wasimame kimya.

Baba wa Careen, Mzee Eliufoo, alimpigia mama yake. Simu haikupatikana. Akampigia jirani wa Chome, Zephania, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Zephania, umesikia habari ya mama?"

"Hapana kaka. Kuna nini?"

Mzee alitaka kujibu, akaishia kulia.

"Loo. Poleni sana, kaka. Poleni sana."

Mzee alishusha simu. "Zephania ametoa pole," aliwaambia watu. "Basi ni kweli."

Asheri alijipenyeza hadi mbele yake.

"Baba, Bibi ni mzima. Ni faili tu. Nimelitoa bila uwazi."

"Bila nini?"

"Uwazi, Baba. Nyuma yake palitakiwa pawe wazi, pakawa peusi."

Mzee alimsogelea. "Mama yangu ameniaga mbele ya ukumbi, wewe unanieleza rangi. Harusi ya keshokutwa haipo. Na nikikuta huu ni mchezo wako, haipo kabisa."

Asheri alitafakari. Bibi akiwa amekufa, harusi hakuna. Akiwa hai, harusi hakuna kabisa.

Coaster iliyoleta wageni ikageuzwa kuwa gari la msiba. Kina mama walipakia masufuria ya pilau, maana msibani hawaendi mikono mitupu. Kona baada ya kona gari lilipanda, watu wakiimba nyimbo za maziko kwa sauti nzuri mno, hata Asheri mwenyewe akaanza kuingiwa na shaka. Je, kama Bibi alifariki kweli baada ya yeye kuondoka?

Simu yake ikatetemeka. Ilikuwa meseji ya Careen, aliyekaa viti viwili mbele.

*Kama Bibi ni mzima nitakusamehe. Kama si mzima nitakusamehe pia, ila baada ya arobaini.*

Aliijibu: *Nitasubiri.*

Walipofika Chome uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mizigo ya kuni, mikungu ya ndizi, wanaume wamekaa kimya kwenye magogo. Na katikati yao Bibi Hedwiga, birika mkononi, akiwamiminia waombolezaji chai.

Mzee Eliufoo aliteremka garini wa kwanza.

"Mama? Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona mmechelewa msibani?"

Ikabidi Bibi asimulie. Zephania ndiye aliyepita akitangaza. Watu walikuja wanalia, akatoka kuwauliza nani amefariki, wakamwambia ni yeye. Akawakaribisha wakae. Kisha akaja Ernesta, jirani ambaye walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie mpaka wa migomba. Alipiga magoti mbele ya mlango akilia, "Hedwiga, nisamehe." Bibi akamjibu kutoka jikoni kwamba amemsamehe. Nusura msiba uwe wa Ernesta.

Watu walicheka, wengine huku bado wanalia. Mzee hakucheka. Alimnyooshea Asheri kidole, akasema aliyetangaza kifo cha mama yake hawezi kumchukua binti yake.

Asheri alipiga magoti mbele ya Bibi, akaamkia, akaomba radhi. Hakutaja faili wala rangi. Kabla Bibi hajajibu, Careen alikuja na gauni lake lote, akapiga magoti vumbini kando yake.

"Baba," alisema, "huyu alipanda mlima huu kwa sababu nilisema namtaka Bibi. Amekosea, ndiyo. Lakini nani mwingine angejisumbua? Ukimkataa yeye, usinitafutie mwingine."

Bibi aliweka birika chini.

"Eliufoo, mimi ndiye niliyekufa, na sina malalamiko. Nimesikia sifa zangu zote na masikio ninayo. Ernesta amekunywa chai yangu. Baraka nilizozisema kwenye hiyo video nazisema tena hapa, kwa mdomo wangu: waoane."

Mzee Eliufoo alifuta uso kwa leso. Alimtazama mama yake, akamtazama binti yake mavumbini, akahema.

"Harusi ipo Jumamosi," alisema hatimaye. "Lakini mpiga video awe mtu mwingine."

"Na bwana harusi je?" aliuliza Bibi.

"Bwana harusi," alijibu Mzee, akimnyooshea Asheri mkono ainuke, "awe huyu huyu."