Kafi la Maporomokoni

Asubuhi hiyo ya Februari maji ya ndoo yaliganda jikoni, lakini chini ya kitanda cha kubembea cha mtoto palikuwa na maji yanayotiririka. Domitille aliyapangusa. Yalinuka tope la mto na utomvu wa msonobari, ule wanaoupaka kwenye mishono ya mitumbwi.

"Mtoto amekojoa," alisema Onésime, mumewe. Alikuwa mekoni na kisu chake, akichonga kijiko kwa kipande cha mti kilichobaki alipotengeneza kitanda hicho.

"Mkojo wenye mchanga?"

"Basi ameshakuwa mpiga kafi kama babake!"

Domitille hakucheka. Ludger alikuwa na miezi mitatu, na nepi yake ilikuwa kavu.

Onésime alimaliza kijiko, akakiweka rafuni. "Cha uji wake wa kwanza," alisema.

Siku ya tatu, mchana, Domitille akikanda unga, kitanda kilianza kubembea chenyewe. Hakikubembea kama mama anavyobembeza. Kilikwenda mbele kwa nguvu, kikatulia, kikaenda tena, kama wanaume wanane wanaovuta makafi kwa pamoja, na kila kilipokwenda alisikia maji yakipasuka, ingawa mto mzima ulikuwa barafu tupu, na alipofika mbio na unga hadi viwikoni alimkuta mtoto midomo imekuwa ya bluu, akamgeuza, akampiga mgongoni, na maji ya mto yakamtoka mdomoni, ya baridi, yenye mchanga.

Mama mkwe wake, Bibi Pélagie, mjane wa mpiga kafi, alikuja mbio kwa ukelele wa Domitille, Onésime nyuma yake. Alipiga magoti, akaikagua miguu miwili ya kitanda, ile inayokifanya kibembee. Mahali palipokwaruzika palionekana rangi nyekundu, ile wanayopaka makafi.

"Onésime," alinong'ona, "hizi mbao umezitoa wapi?"

"Ni kafi kuukuu tu, Mama."

"La nani?"

Onésime alitazama sakafu. "Langu lilivunjika maporomokoni, vuli iliyopita. Palikuwa na moja limechomekwa kaburini, kando ya msalaba. Nililiazima nifike nyumbani."

"Umeazima? Alikujibu nani? Babako akipita pale alivua kofia, akasali. Wewe umemnyang'anya mtu aliyezama kafi lake, kisha ukamlaza mwanao juu yake!"

"Nalichoma sasa hivi."

"Thubutu! Ukilichoma, atarudi vipi kwake? Atakaa humu humu, na atamvuta mtoto majini. Lirudishe ulipolitoa. Lote!"

Lakini mto ulioganda haungepitika mpaka Mei. Onésime aling'oa ile miguu, akaifunga kwenye ngozi pamoja na rozari, akaining'iniza ghalani. Majira yote ya baridi Domitille alilala na mtoto kifuani, amejifunga naye kwa mshipi mwekundu wa mumewe. Siku nyingine alisikia kafi likipiga maji kule ghalani, akaziba masikio ya mtoto badala ya yake.

Barafu ilipovunjika, mtumbwi wa wapiga kafi wenzake ukaja kumchukua Onésime kwa safari ya kila mwaka. Aliliweka lile furushi miguuni pake.

"Nitalichomeka kwa mkono wangu," alisema kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Na tumbaku nitamwachia."

"Lote, Onésime?"

"Lote, mke wangu. Usiogope tena. Tutaonana vuli."

Wanaume wakaanza kuimba, makafi yakashuka pamoja. Domitille alirudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu Februari alimfungua Ludger kutoka kifuani, akamkalisha mapajani, akapoza uji, akachukua kijiko rafuni.

Kijiko kilikuwa kimelowa.

Kabla hajakitupa, mtoto alikidaka kwa mikono yote miwili, mkono mmoja juu na mmoja chini, akakivuta ubavuni kwa nguvu, akatulia, akakivuta tena, macho yake yakitazama mbele kama anayeona mto mrefu, na Domitille akauona mstari mwekundu mgongoni mwa kijiko, akajaribu kumpokonya, vidole vile vidogo vikakataa kuachia, akatoka naye mbio mpaka ukingoni akipiga kelele, "Onésime! Rudi! Kijiko! Kijiko!"

Wimbo ulikuwa umeshapita kona ya mto.

Begani mwake Ludger alikohoa, na maji ya baridi, yenye mchanga, yakamtiririka Domitille mgongoni.