Diski ya Mwendo wa Kobe

Maiti ya mlinzi ililala chali kati ya rafu za duka la vipuri, kisogo kimepasuka. Kando yake kulikuwa na injini kuukuu yenye damu kwenye kona. Daktari wa polisi alimpima, akavua glavu, akasema huyu alisukumwa, hakupigwa.

Inspekta aliandika. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeona maiti nyingi mpaka kifua kikafa ganzi. Zamani kesi kama hii ilimnyima usingizi. Siku hizi alirudi nyumbani, akala, akalala, na hilo lilimtisha kwa mbali tu.

Kufikia adhuhuri mshukiwa alikuwa mahabusu: mtoto wa kambo wa marehemu. Majirani waliwasikia wakigombana juzi, kijana akiapa kwamba iko siku atamnyamazisha mzee. Alama zake za vidole zilikuwa mlangoni, lakini ndiye aliyempelekea mzee chakula kazini, kwa hiyo hazikuthibitisha lolote.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Nani alikuona?"

"Mtu aliyelala anaonwa na nani, afande?"

Jibu la kijeuri, ila alilitoa akitazama sakafu.

Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa mauaji. Kitu pekee cha kumwokoa, au kumzamisha kabisa, kilikuwa picha za kamera ya duka. Picha hizo zilikuwa ndani ya diski ya nje, kijisanduku cheusi cha ukubwa wa kiganja. Aliyekwenda kuzichukua dukani ni mtaalamu wa kompyuta wa kituo, ambaye kwa wembamba wake kila mtu alimwita Sindano. Kanuni ilisema ushahidi haufunguliwi kabla ya kunakiliwa kwenye kompyuta ya kituo. Sasa huko kunakili ndiko kulikokwenda mwendo wa kobe.

Kwenye benchi la korido alikaa mke wa marehemu, mama wa kijana. Siku moja tu, kafiwa na mume na kafungiwa mwana. Hakulia. Alikumbatia mkoba wake na kutazama ukuta.

"Bado, afande?"

"Bado, mama," Inspekta alijibu, akaingia chumba cha kompyuta.

Sindano alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Kompyuta ilisema kazi itakwisha kesho jioni.

"Tatizo nini?"

"Diski imechoka, afande. Ina umri."

"Waya?"

"Nimeshabadili."

"Virusi?"

"Nimepekua. Safi."

"Labda kompyuta imejaa."

"Nafasi tele. Tuvute subira tu. Haraka haraka haina baraka."

Inspekta hakujua kompyuta. Kwake ilikuwa taipureta yenye maringo. Lakini watu aliwajua. Sindano wa siku zote, mashine ikimgomea, alipiga meza na kuitukana mpaka ukoo wa kiwanda kilichoiunda. Leo kila swali alikuwa na jibu mkononi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msibani.

Ndipo alipoufuata waya kwa macho. Ulikuwa mwembamba, na ulichomekwa kwenye tundu la mbele la kompyuta. Kituo kizima kiliijua amri ya Sindano: matundu ya mbele ni ya zamani, hayana mbio, ni ya kuchajia simu basi. Hata mkuu wa kituo alishafokewa kwa kosa hilo.

"Huo si waya wa simu?"

Sindano alisogeza kibodi kuuficha.

"Wa diski uko wapi?"

"Umepotea."

"Fungua droo."

Ulikuwa humo, mfupi na mnene.

"Simamisha. Chomeka huo, nyuma."

Alitii bila kumtazama. Kazi iliyotaka mpaka kesho jioni ikaisha kabla chai ya Inspekta haijapoa.

Wakatazama pamoja. Kijana mwenye kofia anabeba kasha. Mlinzi anamshika shati. Kijana anamsukuma, anakimbia, anarudi, anapiga magoti na kumtikisa mzee. Kisha anainua uso. Inspekta aliujua. Kila mwisho wa wiki uso huo ulikuja kituoni kumpitia Sindano.

"Mdogo wako."

"Ndiye."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu dukani. Niliangalia kidogo kwenye kioo chao."

"Mbona hukufuta?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Sindano aliudhika. "Kufuta ushahidi? Mimi? Sijawahi kufuta hata herufi, afande. Nimechelewesha tu."

"Ili atoroke."

"Yuko nyumbani, wala hatoroki. Mama yetu anapasuliwa moyo kesho asubuhi. Daktari kasema asipate mshtuko. Nilitaka azinduke kwanza, amwone kitinda mimba wake. Halafu ningekuletea picha mwenyewe."

"Na kijana wa watu akasomewe shtaka la mauaji."

"Angetoka. Picha zingemtoa."

Inspekta akausukuma mlango. Benchi likaonekana, na mama na mkoba wake.

"Na moyo wa huyu, daktari kasemaje?"

Sindano alimtazama yule mama, kisha akazifunga picha kwenye kioo.

Inspekta alisubiri hasira ije. Haikuja, wala huruma. Alihisi uchovu tu, na aibu kidogo kwamba ni uchovu tu. Alimwamuru askari wa zamu amtoe kijana mahabusu, gari liende kumchukua mdogo wa Sindano, na asikamatwe mbele ya mgonjwa. Koridoni yule mama alimwona mwanawe, akasimama, mkoba ukaanguka, na sasa ndipo kilio kilipomtoka.

Inspekta alitoa pingu na kunyoosha mkono kuichukua diski.

"Ngoja, afande," Sindano akasema. "Ukiichomoa hivyo, picha zitaharibika."

Akabonyeza, akasubiri kompyuta imruhusu. Akaichomoa diski, akaukunja waya, akamkabidhi vyote kwa mikono miwili. Kisha akaiacha mikono hapo hapo, mbele ya pingu.