Mzigo wa Kupimia Njia

Jua lilikuwa likizama nyuma ya mikorosho ya Mbagala muuguzi Kokuberwa alipojifunga tena mzigo mgongoni: mfuko wa mchanga, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, ndani ya kanga yake ya samawati. Wafadhili walitaka kujua ni watu wangapi wangeifikia kwa miguu ndani ya nusu saa zahanati iliyokusudiwa kujengwa hapo. Naye alikataa njia ipimwe kwa mwendo wa kijana mikono mitupu. Zahanati huendewa na mama aliyebeba mgonjwa. Hilo alilijua. Masika yaliyopita, kikohozi cha mwanawe Albano kilinyamaza mgongoni mwake kabla hawajafika hospitali ya Temeke.

Kufikia idadi iliyotakiwa, walipungua watu saba tu. Bila hao, zahanati ingejengwa kwingine.

Ilibaki njia moja, ya makaburini, aliyoikwepa tangu mazishi. Mfaume, mwenyeji aliyemwongoza kutwa nzima huku akimtania kwamba mchanga ule utakuja kudai maziwa, alisita penye mfereji. Alimwambia ng'ambo hakuna nyumba. Tena wazee wao hawakuhesabu watu kwa vichwa, kwani aliyehesabiwa huwa amealikwa.

"Nisubiri hapa, Mfaume."

Alivuka. Makaburi yakaisha. Kimya... Kisha, chakacha... chakacha...

Ufagio.

Nani afagiaye magharibi?

Nyumba ilikuwapo, ya udongo, kuta zingali mbichi. Mlangoni mama mmoja alifagia, amejitanda nguo nyeupe. Upepo ulileta harufu ya karafuu maiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mzigo."

Kokuberwa aliuliza waliomo ni wangapi. Mama akajibu kwamba tangu wahamie pale hakuna aliyewahi kuwahesabu, aingie ajionee. Gizani waliketi watu, migongo ukutani, miguu yote imetapakaa udongo mwekundu. Sita. Na mama, saba.

"Mtoto umemfunga vibaya," mama alinong'ona. "Nipe nimpakate."

Kokuberwa alifunua kinywa aseme ni mchanga.

Mzigo ukakohoa.

Kikohozi kile alikijua. Vidole vikafungua fundo bila kumngoja... Alipozinduka alikuwa mferejini, mgongo mtupu, akitaja saba, saba, saba.

Asubuhi walirudi wawili. Nyumba haikuwapo. Juu ya kaburi dogo la Albano ulikuwa umemwagwa mchanga mkavu, kanga haikuonekana. Mfaume alimsihi awatoe wale saba katika hesabu. Kokuberwa aliiwazia njia ya Temeke, na mama mwingine akiipita mvuani.

Hakuwatoa.

Zahanati ikajengwa, Kokuberwa akapewa kuiongoza. Siku ya kwanza walikuja wengi, nao wakarudi makwao na nafuu. Magharibi Mfaume, aliyeajiriwa mlinzi, alikwenda kufunga lango. Akarudi amesawijika, akasema barazani kuna watu, wala hawakupiga hodi.

Harufu ya karafuu maiti ilikwisha kuingia.

Benchini waliketi saba, miguu imetapakaa udongo mwekundu. Wa mbele alipakata kanga ya samawati.

"Ulituhesabu," alinong'ona. "Nasi tumefika kwa miguu."

Ndani ya kanga, kitu kikakohoa.

Mfaume alimvuta mkono, akimwonyesha mlango wa nyuma. Kokuberwa aliutazama mlango ule. Kisha akajinasua, akanyoosha mikono kupokea.