Glavu Mbili za Daktari

Kama hujawahi kupanda ghorofa ya pili ya jengo la mafundi saa tano asubuhi, usipande. Ngazi zimelowa maji ambayo hakuna anayetaka kujua yametoka wapi. Choo cha mwisho wa ukumbi hakina mlango, na harufu yake inachanganyika na moshi wa risasi ya kulehemu mpaka koo linawasha. Watu wanasukumana na simu zilizopasuka mikononi, kila mmoja anampaka mwenzake jasho. Halafu utasikia mtu anasema mapenzi hayachagui mahali. Kweli kabisa, hayachagui. Yangekuwa yanachagua, yasingeanzia pale.

Siku moja akapanda binti mmoja amevaa gauni la rangi ya haradali lililomkaa vizuri, viatu virefu, nywele amezisuka na kuzifunga juu. Begani alibeba begi zito. Mtu mmoja aliyebeba televisheni akamsukuma bila hata samahani, kisigino kikazama kwenye tundu la sakafu, naye akaenda mzima mzima mpaka kwenye meza ya fundi aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Fundi akanyoosha mikono, akadaka begi.

Begi, si binti.

"Makubwa!" binti alisema, magoti yako chini. "Umeniacha nianguke ukadaka laptop?"

"Wewe ukivunjika hospitali zipo, dada. Hii ikivunjika utaniletea mimi."

Alitaka kumtukana, akajikuta anacheka. Fundi akamwinua, akafuta mikono yake kwa kitambaa chenye dawa, akafuta na meza. Mafundi wenzake walimwita Daktari kwa ajili ya lile koti, na kwa sababu hakuna aliyewahi kuona doa juu yake. Binti naye alikuwa na jina lake la kuchezea: Nyigu. Alikuwa mchezaji wa magemu ya mashindano, na laptop ile ndiyo iliyokuwa jembe lake.

"Inapata moto, inajizima katikati ya mchezo," alieleza. "Na Jumamosi ya wiki ya pili nina majaribio. Timu inayolipa mshahara inatafuta mtu mmoja tu. Nikikosa, nimekosa."

"Umeipandisha kasi kupita ile ya kiwandani?"

"Kidogo."

"Kidogo ya binadamu au kidogo ya mwendawazimu?"

"Kidogo ya mtu anayetaka kushinda."

Daktari alitabasamu. Macho ya binti yalikuwa makubwa, sauti yake ina mikwaruzo mizuri, na manukato yake kwa dakika tano yalikuwa yameishinda harufu ya choo. Moyo wa fundi ulishakwenda. Akamwambia arudi kesho kutwa.

Sasa ngoja nikuambie alichokikuta. Kama unakula, weka sahani kando.

Alifungua kifuniko cha chini. Feni zote mbili zilikuwa zimefunikwa na manyoya ya sponji, yameshikana na nywele na mafuta yakawa kitu kama blanketi dogo la mgonjwa. Chini yake kulikuwa na soda iliyokauka ikawa gundi. Ndani ya gundi kulikuwa na vipande vya kucha, vyeupe, vimepinda. Na pembeni, karibu na bawaba, mende amelala chali, mwenzake kampanda, na kifuko cha mayai kimebanwa kati yao.

Daktari alikimbilia ukutani akatema mate mara tatu. Aliporudi alivaa glavu, akaona haitoshi, akavaa ya pili juu yake. Akafanya kazi yote kwa mikono iliyonyooshwa, uso ameugeuzia dirishani, anachungulia kwa jicho moja kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza. Alipomaliza akabandika juu ya skrubu karatasi yake yenye sahihi. Katika jengo lile, karatasi ya fundi haibanduliwi na fundi mwingine bila mwenyewe kuwepo. Hiyo ndiyo sheria yao, na mimi naiona ni ya busara.

Akampigia simu.

"Nyigu, nimetoa mende wawili."

"Wape salamu zangu."

"Wamekufa."

"Basi wape pole." Akacheka mpaka Daktari naye akacheka. "Najua, najua. Mama anashona mito, sponji inaruka nyumba nzima. Na kucha ni zangu. Nikicheza zinanizuia, nazikata hapo hapo."

"Juu ya kibodi?"

"Sasa nikazikate juu ya kichwa chako?"

"Ukazikate kokote, mpenzi, ila si kwenye mashine ninayofungua mimi."

Neno *mpenzi* lilimtoka bila kuombwa. Nyigu alilisikia, akalinyamazia, akalala nalo. Kesho yake alipokwenda kuchukua laptop, mashine ilikuwa baridi kama bilauri ya maji. Nyigu akaahidi kuirudisha kwenye kasi ya kiwandani mpaka siku ya majaribio ipite, na akatimiza. Hilo lishike, maana litaleta ugomvi.

Siku tisa walikuwa watu wa simu. "Umekula, malkia?" "Nimekula, Daktari wa mende." "Umenikumbuka?" "Nikukumbuke wewe au koti lako?" Siku ya kumi, Jumanne, Nyigu akamwalika nyumbani amwone mama.

Chumba chao kilikuwa sebule, karakana na stoo kwa pamoja. Magunia ya sponji iliyosagwa yamepangwa mpaka darini, cherehani dirishani, mito kila mahali, na vumbi jepesi la sponji linaelea hewani. Mama mtu, mnene, mcheshi, futi ya kushonea imening'inia shingoni kama mkufu, akasogeza kiti kizuri kuliko vyote.

"Karibu, mwanangu. Keti."

Daktari akatoa kitambaa chenye dawa mfukoni. Akafuta kiti. Mgongo, makalio, mikono yote miwili. Akatazama kitambaa kimekuwaje, akakikunja, ndipo akaketi. Maji aliyopewa hakuyagusa. Mama aliendelea kutabasamu kwa sababu ni mtu mzima, lakini Nyigu alikiona kile kitambaa, na safari hii yeye ndiye aliyegeuza uso. Kinyaa, ndugu zangu, si cha wasafi peke yao.

Asubuhi ya Jumatano laptop ikaanza vituko. Mistari ya kijani ikashuka kiooni kuanzia juu mpaka chini. Vikafuata vijisanduku vya zambarau, kioo kikapepesa, kikawa cheusi, kikarudi. Nyigu akashika simu.

"Daktari, kioo kimeharibika. Kina mistari."

"Umepandisha kasi tena."

"Sijapandisha."

"Mistari na vijisanduku ni chipu ya picha inalia moto. Umepandisha, mpenzi, usinifiche. Kazi yangu hairudi. Miaka sita, haijawahi kurudi hata moja."

"Nakuambia sijapandisha! Kwa nini huniamini?"

Hapo angenyamaza. Mungu alimpa ulimi, akampa na meno ya kuufungia, hakuyatumia.

"Mtu anayekata kucha juu ya kibodi na kulala na mende nimwamini vipi?"

Nyigu aliifunga laptop kwanza.

"Jana ulifuta kiti cha mama yangu," alisema polepole. "Mama aliyenilisha kwa sponji hiyo hiyo. Nilijikaza nikasema labda ni mazoea. Kumbe unatuona takataka. Sikiliza, fundi. Wewe ndiye unayenitia kinyaa."

Akakata. Daktari akapiga mara saba, hakupokelewa hata moja.

Ijumaa, bado siku moja, Nyigu akaenda kwa Mama Waya, fundi wa televisheni wa ghorofa ya kwanza katika jengo lile lile. Mwanamke yule alikuwa anatafuna karanga huku maganda yakianguka kifuani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Akatazama kioo kikitapika rangi.

"Ukigusa kifuniko, mistari inabadilika?"

"Inabadilika."

"Kasi umeishusha?"

"Wallahi nimeishusha."

Mama Waya akachomeka waya kutoka laptop kwenda kwenye televisheni iliyokuwa mezani. Picha ikatokea safi, haina mstari hata mmoja, wakati kioo cha laptop kinaendelea kupepesa.

"Umeona? Chipu ingekuwa imeungua, na huku kungechafuka. Mashine yenyewe ni nzima. Ubaya uko njiani, kwenye waya unaopeleka picha kiooni. Ule mwembamba kama utepe."

"Nifungulie basi, mama yangu."

"Siwezi. Ina karatasi ya mtu. Mwite mwenye karatasi."

"Nikichezea kwenye televisheni?"

"Utakufa mapema. Televisheni inachelewa. Unapigwa risasi leo, unaona kesho."

Nyigu alisimama pale, ngazi ishirini tu chini ya meza ya Daktari, akampigia simu.

"Kesho saa sita utakuja nyumbani," alisema bila salamu. "Majaribio ni saa tisa. Utaifungua mbele ya mama, juu ya meza ya mama. Ukiona kinyaa, utapike nje."

"Nitakuja."

Akaja saa sita kasoro. Amevaa lile koti. Vumbi la sponji likamwangukia mabegani kabla hajasema hodi. Mama akashika tochi, Nyigu akakunja mikono kifuani. Daktari akabandua karatasi yake mwenyewe, akafungua skrubu, akaingiza mkono kwa glavu zake mbili kutafuta waya wa kioo. Hakuhisi kitu. Akavua moja. Bado. Akavua na ya pili, akapeleka vidole vitupu kwenye kona ile ambako siku ile hakutaka hata kutazama, na gundi ya soda ikamshika kidole, na ganda la yai la mende likambaki ukuchani.

Hapo ndipo akaugusa. Kichwa cha waya hakikuwa kimekaa mahali pake. Kilikuwa kimelala upande, nusu ndani, nusu nje, na utepe wake umebanwa na bawaba. Kila kifuniko kilipofunguliwa, ulivutwa kidogo.

Akasimamisha kidole hapo hapo. Maana angeweza kusema ni mende wametafuna. Nani angebisha? Mama haujui ule waya, binti haoni ndani, na miaka yake sita ingebaki safi kama koti lake. Alifungua mdomo, na uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" Nyigu akauliza.

"Mimi ndiye niliyeharibu. Nilivaa glavu mbili, nikageuza uso, sikuhisi kama waya umeingia. Niliona kinyaa, nikafunga haraka haraka nikimbie. Halafu nikakuita mwongo." Akamgeukia mama. "Na kile kiti, mama. Nilifanya vibaya. Nisamehe."

Mama akazima tochi. "Unadhani mimi nawapenda hao mende, mwanangu? Nawachukia kuliko wewe. Lakini mimi sina mahali pa kukimbilia." Akawasha tochi tena. "Haya, funga huo waya, mtoto ana kazi."

Daktari aliunyoosha utepe, akakisukuma kichwa kwa kidole gumba mpaka kikalia *tik*. Akasafisha kona yote kwa mikono yake. Saa nane na nusu kioo kikawaka, safi, hata kifuniko kilipotikiswa. Saa tisa Nyigu akavaa vipokea sauti. Kwa saa moja na nusu hakuna aliyesema neno, isipokuwa yeye, na aliyoyasema hayaandikiki. Aliua, akauawa, akaua zaidi. Saa kumi na moja simu ikalia: Jumatatu aje na kitambulisho, nafasi ni yake.

Mama akapiga vigelegele. Nyigu akamkumbatia, akalia, akajifuta, kisha akamwona Daktari bado amesimama karibu na mlango.

"Asante, fundi," alisema. "Unaweza kwenda."

"Nikienda, nitakuwa nimekwenda kweli," Daktari alisema. Koti lilikuwa na madoa ya soda. "Sina maneno mazuri. Nakupenda. Nataka nikuoe, na niwe mtoto wa nyumba hii na vumbi lake lote. Unakub..."

Hakumaliza. Sponji ilikuwa imemwingia puani tangu saa sita, na sasa ikaamua kutoka. Akapiga chafya iliyotikisa dirisha. Lo, mwenzenu nimesimulia mengi, hili natamani nisingelisimulia. Kamasi likaruka. Jingine likabaki likining'inia kutoka puani mpaka kidevuni, refu, la kijani, linabembea. Daktari akaganda, mikono mitupu, michafu, haijui pa kwenda. Mfukoni hakuwa na kitambaa hata kimoja. Alitamani sakafu ipasuke.

Mama akageukia cherehani yake. Nyigu akamsogelea, akashika pindo la gauni lake la haradali, akambana pua kama anavyobanwa mtoto.

"Penga," alisema.

Akapenga. Nyigu akalikunja pindo, akamfuta kidevu, akamfuta tena, polepole, mpaka akawa mkavu.

"Aka, kinyaa gani hiki!" alisema, lakini mkono hakuuondoa shavuni mwake. "Haya. Niulize tena, na safari hii umalize."