Niliogopa Chawa wa Sili, Kumbe Kifo Kilikuja kwa Ndoo ya Mchumba

Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, karibu na Mkuu, Rombo. Haya ninayowaandikia nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, maana mimi nikikosea hata nukta silali. Leo nayaacha kama yalivyo. Mnivumilie.

Niliishia kidato cha nne. Baba alikuwa ameshafariki, na kahawa ilikuwa imeporomoka bei hadi majirani wakaanza kuing'oa. Lakini sikukubali kubaki mjinga! Padri mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya aliacha parokiani maboksi ya magazeti ya sayansi. Nikimaliza kukata majani ya ng'ombe nilikwenda huko na kamusi mkononi, nikasoma neno kwa neno.

Humo ndimo nilipokutana na sili. Sili ni mnyama wa baharini wa nchi za baridi. Ana manyoya, anazaa na kunyonyesha kama ng'ombe. Mimi bahari sijaiona hata leo... ila kilichoninyima usingizi si sili mwenyewe, ni chawa wake! Chawa huyo humng'ang'ania sili hata anapozama kwenye maji ya barafu, anakunywa damu huko huko chini. Wataalamu walipowachunguza chawa hao wakakuta ndani yao virusi. Na sili wenyewe wakionekana wazima kabisa!

Nikafunga gazeti, nikajiuliza. Kama chawa anaweza kubeba virusi chini ya bahari, chawa wa nguruwe wangu hapa bandani atashindwa nini?

Nguruwe wale, wasomaji wenzangu, ndio waliokuwa chuo changu. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea mifugo, na mama alisema wakishakua tuwauze wote niende. Hatukuwa na kingine. Basi niliwalinda kama roho yangu. Niliwasugua kwa brashi nyuma ya masikio, chini ya tumbo, katikati ya kwato. Nikiona yai moja tu la chawa, narudia banda zima upya. Mikono ilichubuka, sikujali.

Majirani waliniita Mama Chawa. Niliendelea kusugua. Nilijua ninachokijua.

Mchumba wangu aliitwa Deo. Alikuwa na kibanda cha kitimoto, nyama ya nguruwe, pale sokoni Mkuu, na wateja walimwita mangi, yaani chifu, kwa mbwembwe zake. Mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshanywewa kwetu, tarehe ya ndoa tu ndiyo iliyobaki. Kila jioni alipita na ndoo ya makombo kwa ajili ya nguruwe wangu: maganda ya ndizi, mabaki ya sahani, mifupa, na maji aliyooshea nyama. Anamwamkia mama shikamoo, anaweka ndoo, anacheka. Nani angemshuku mtu kama huyo?

Mama aliniambia, "Mwanangu, hayo makombo yachemshe kwanza." Nikamjibu kwa ujuaji wangu kwamba ndoo haina ngozi wala manyoya, chawa hawezi kuishi humo. Niliamini virusi lazima vibebwe na mdudu ndipo visafiri. Nilikuwa nimesoma!

Kisha habari zikaanza kupanda kutoka vijiji vya chini. Nguruwe wanakufa. Wanalala, wanakataa chakula, masikio yanakuwa mekundu, kesho wamekauka. Nilimuuliza Deo nguruwe anaowachinja wanatoka wapi.

"Kwa watu wazima na akili zao," akasema. "Wewe na chawa wako! Tukioana si utanisugua na mimi kwa hiyo brashi?"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka!

Haikuchukua muda. Jike langu kubwa aligoma kula. Watoto wake wakajikusanya kwenye kona, wakilaliana kama wanaosikia baridi. Nilipiga magoti kwenye kinyesi nikatafuta chawa kwa kucha zangu, nyuma ya kila sikio, kila mkunjo wa ngozi... hakuna hata mmoja! Walikuwa safi kuliko watu wengi ninaowajua. Wakafa wote.

Bwana mifugo alipofika hakuuliza habari za chawa. Aliuliza, "Unawalisha nini?" Nilipomwambia, alivua kofia. Akanieleza kwamba ugonjwa ule ni wa virusi kweli, ila hauhitaji chawa. Vinakaa kwenye nyama, kwenye damu, kwenye viatu vya mtu. Vinakaa hata kwenye ndoo. Moto wa kuchemsha ungevimaliza.

Bado sikumfikiria Deo vibaya. Nilidhani naye kadanganywa... Kumbe! Suzana, binti anayemwoshea sahani, alinifuata kisimani analia. Akasema Deo alikuwa anashuka kununua nguruwe waliokwisha kulala, kwa bei ya kutupa, anawawahi kwa kisu kabla hawajafa. Alijua. Na aliwakataza wote pale kibandani wasiniambie, eti nitaanza kelele zangu za virusi.

Alijua, na jioni analeta ndoo! Akimtazama mama yangu usoni!

Si hilo tu. Nikiwa bado nawafukia wanyama wangu, yeye alikuwa sokoni anawachekesha wateja. "Ni chawa wa Aneth hao! Kawaagiza Ulaya kwa posta!" Watu wakacheka. Baadaye wakaamini. Mwenye nguruwe akawa anapita mbali na geti letu, na mama akaulizwa kwenye jumuiya ya kanisa kwa nini alizaa binti wa kuleta mikosi.

Deo aliposikia kwamba nimejua yote, ndipo walipokuja. Deo, shangazi yake, na baba yake mkubwa akiwa ameshika jani la sale. Asiye wa kwetu aelewe: Mchagga akiletewa jani hilo, kusamehe si hiari. Unalipokea na neno linaisha.

Nilimwamkia mzee. Kisha nikamuuliza Deo swali moja, kama bado anachinja nguruwe wagonjwa na kuwapa watu makombo. Shangazi akadakia, "Hayo ni mambo ya biashara, hayakuhusu."

Nikasema nitasamehe, ila Jumapili baada ya misa asimame nje ya kanisa awaambie watu ukweli, wenye nguruwe wajihadhari.

"Unataka nikale wapi?" Deo akafoka. "Jani limeshakuja, funga mdomo!"

Hapo nikaelewa kilicholetwa mle ndani. Hawakuja kuomba msamaha. Walikuja kununua kimya changu kwa jani la mababu zetu!

"Aneth, pokea!" mama alilia. "Mwanangu, pokea, utalaaniwa!"

Sikunyoosha mkono. Nilimwambia mzee, "Baba, wewe nakuheshimu. Lakini hilo rudi nalo, na posa yenu mje muichukue." Nikatoka, nikaenda kwa miguu moja kwa moja kwa bwana mifugo, nikamweleza yote.

Karantini ikatangazwa. Vibanda vyote vya kitimoto vikafungwa, hata vya wasio na hatia. Mnadhani nilishukuriwa? Wanawake walinitemea mate njiani. Mmoja aliniambia nimewamwagia watu ugali uliokuwa mezani. Wenye nguruwe wa upande wa juu wa kanisa, ambao mifugo yao ilinusurika kwa karantini hiyo, hadi leo hawanisalimii! Nafasi yangu ya chuo ikaenda kwa mwingine. Mama alikaa muda mrefu bila kunisemesha.

Wasomaji, nawasihi. Mkijisomea kama mimi, msikipende kile mlichokisoma hadi msisikie cha mtu mwingine. Ukweli wa chawa wa sili ni ukweli, lakini haukuwa ukweli wote. Makombo yachemsheni. Mnyama mgonjwa asichinjwe, afukiwe. Na nyinyi mabinti, mtu akikuomba msamaha huku anaendelea kuua ng'ambo ya pili ya ukuta, msimpokelee chochote, hata kama ukoo mzima umesimama mlangoni.

Nasikia Deo yuko Moshi mjini siku hizi, amefungua kibanda kingine. Kama unasoma hapa, Deo, jua hili. Sijakusamehe.