Kisu Kilichoonja Moto

Zama za pembe na gobori, bara ilipokuwa ikipimwa kwa nyayo za wapagazi, boma la Igombera lilizingirwa na ruga-ruga, askari wa kukodiwa wa mbabe Itawile, wanaume waliovaa meno ya watu shingoni na kuvuta bangi asubuhi badala ya kunywa uji. Ndani ya boma mtama ulikuwa umebaki wa kuchota kwa kiganja, na Mtemi Lugalila alikuwa amelala ndani, mguu wake uliochomwa mshale umeoza.

Mguu huo ulikuwa siri. Huko mtemi mgonjwa hakungojwa apone: wazee walimnyonga kwa heshima zote, wakamlilia, wakatawaza mwingine. Basi dada yake, Kalunde, akatangaza kwamba kaka yuko faragha, anazungumza na mizimu.

"Mizimu gani inanuka hivi?" akauliza kijakazi.

"Ya zamani," akajibu Kalunde.

Aliyeshiriki siri hiyo ni mzee Kasonta, mtunza kisu cha utemi. Mwili wa mtemi haukuguswa na chuma kingine chochote. Kisu hicho hicho kilichinja mbuzi wa tambiko, kilichanjia watu udugu, na sasa kilipasua usaha wa mguu kila asubuhi. Hakikuoshwa, maana maji yangewafukuza wahenga. Kilipomaliza kazi kilichomekwa ardhini, kizingitini pa mtemi, pale palipolowa damu na samadi, kilale.

Mganga wa kwanza aliyeapishwa siri ili apasue mguu huo aliteleza akajikata kidole nacho. Hazikupita siku nyingi taya lake likajifunga kama kifuniko cha sanduku, mgongo ukapindika, akafa akilalia kisogo na visigino. Mganga wa kike aliyeshika kazi yake alikuwa na kiganja kilichopasuliwa na jembe. Akafa vile vile.

"Pepopunda," watu wakasema, wakatema mate chini.

Kalunde akawaza moyoni: pepo huyu ana macho kweli. Anayebeba maji ya mtemi humwacha, anayebeba mikojo humwacha, ila humfuata aliyeguswa na kisu kile penye kidonda, kaka tu hajamfikia bado. Na wahunzi je? Kila siku wanaunguzwa na chuma chekundu, na sijapata kumwona mhunzi hata mmoja akifungwa taya.

Ndipo Mwinyi Kambi, mfanyabiashara wa pwani, alipopenya kwa upande wa kinamasi, kilemba kimejaa matope, nyuma yake wapagazi wenye magobori na vipipa vya baruti.

"Bunduki ninazo," alisema. "Lakini simpi mtu baki. Tuchanjiane kwanza, tuwe ndugu."

Mtemi hakuweza kutoka. Lakini nchi ile utemi ulipita tumboni mwa dada, kwa hiyo damu ya Kalunde ndiyo damu ya utemi, akaketi mkekani badala ya kaka yake.

"Nimekuja kutafuta kaka, napewa dada," Mwinyi Kambi akacheka. "Mke wangu ataniuliza."

"Mwambie dada mwenyewe mzee, na meno yamebaki ya kuhesabu."

Jua la utosi. Kasonta akaleta kisu, kimeshika udongo, na ukingoni kitu cheusi kimekauka. Kalunde alikijua: ni cha mguu wa asubuhi ile. Kila mmoja angechanjwa kifuani, damu ipakwe kwenye ini la mbuzi, kila mmoja ale damu ya mwenzake. Akikataa, bunduki zitarudi pwani. Akikubali na mgeni afe taya limefungwa, watu wa mgeni watamfungulia Itawile lango wenyewe. Naye Kalunde hatakuwa na mdomo wa kuwasihi.

Akamnyang'anya Kasonta kisu, akalitunga ini la mbuzi kwenye ncha yake, akavitia vyote ndani ya makaa ya tambiko, kisu na ini.

"Mwanamke wewe!" Kasonta akapiga ukelele. "Kisu cha utemi hakionji moto!"

"Mgeni wangu nimlishe ini bichi, baba? Yeye fisi?"

Watu wakacheka, Kasonta hakucheka. "Kimechafuka! Kirudi ardhini kwanza kiombewe, ndipo kichanje." Akanyoosha mkono.

Kisu kilikuwa chekundu. Kalunde hakungoja. Akafunua kaniki yake, akajipitishia kifuani, nyama ikalia chwaa! Machozi yakamtoka, akamgeukia mgeni na kisu mkononi.

"Sasa, ndugu yangu."

Mwinyi Kambi akatazama ngome, ambako ngoma za Itawile zilianza kuita. Akafungua kanzu, kisu kikampita kifuani. "Dada gani huyu," alisema kwa meno yaliyokazwa, "ananikaanga!"

Damu kidogo iliyotoka ikapakwa ini, wakala. Jioni ile magobori yakasemea juu ya ngome, na ruga-ruga wakakimbia, wakiacha meno yao ya kuvaa na ya kinywani pia.

Kasonta hakusherehekea. Alikirudisha kisu kizingitini, kikalala ardhini, kisha akakichomoa na kujichanja mkono nacho, kuwaomba radhi wahenga. Mtama mpya haujachipua, taya lake likafunga. Kalunde ndiye aliyempenyezea uji kwenye pengo la jino. Mzee akamkodolea macho, akitaka kusema neno, na neno halikupata mlango. Akafa. Mtemi naye mguu ukamwondoa.

Boma zima likasema: ni yule mwanamke, aliyepika kisu.

"Mwinyi Kambi, waambie," Kalunde akasihi mbele ya baraza. "Ulichanjwa nacho. Mbona hukufa?"

Mwinyi Kambi akawaonyesha kovu lake, limekauka safi.

Wazee wakalitazama. "Wewe mtu wa pwani," wakasema. "Mizimu yetu haikujui."

Wakampa Kalunde mkeka na jembe, wakamtoa langoni. Nyimbo za Igombera zilihifadhi magobori, zikahifadhi kilemba cha Mwinyi Kambi. Kalunde zilimwita Mpika Kisu tu, na watoto walitishwa kwa jina hilo.

Siku ile ya kutolewa, Kalunde alikuwa hajavuka kinamasi aliposikia vigelegele kutoka bomani. Akasimama. Mtunza kisu mpya alikuwa anatawazwa, na kwa desturi mtunza kisu hutawazwa kwa kuchanjwa kidole gumba kwa kisu hicho hicho, kikitoka ardhini.