Sabufa Iliyotazama Viti

Giza lilikuwa linaanza kuingia, nami nafunga karakana nikanunue sabuni, mwalimu mmoja mjane alipoingiza gari la marehemu mumewe. Alitaka kitu kimoja tu. Sabufa ya kwenye buti ilitazama viti. Alitaka niigeuze, mdomo wake utazame nyuma.

Nikamuuliza kama besi inamuumiza masikio. Akasema redio haiwashi kabisa.

"Ikinitazama, ananiita," alinong'ona. "Siku ya tisa hii sijaitika, kaka. Nimechoka."

Nimefunga redio za magari katika nchi saba, na kote nimeacha sifa mbili: maneno mengi na kitambi. Nikamtania kwamba hata marehemu siku hizi wanapenda besi. Hakucheka. Akarudi kukaa kwenye usukani.

Bolti nne za kasha la sabufa zilikuwa zimeoza kwa kutu. Kuzikata ni kazi ya saa nzima, na sabuni ilikuwa inanisubiri dukani. Basi nikafanya uhuni ambao mafundi tunaujua na hatukiri: nikang'oa wavu wa mbele, nikaubandika mgongoni pa kasha. Ukifungua buti, utaapa sabufa imegeuzwa.

Haijageuzwa.

Ili kazi ionekane kazi, nikamwambia awashe injini, nami nijifungie butini nisikilize kama kuna kinachogongana. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Nikajikunja, kitambi kikagoma, nikakisukuma. Nikavuta mlango.

Giza. Harufu ya udongo uliolowa...

Redio ilikuwa imezimwa. Lakini kasha likavuma. Dum... dum... Kisha sauti nzito ikanipita mbavuni kabla haijafika masikioni.

"Mwalimu..."

Dum... dum...

"Mwalimu..."

Na kule mbele, kwa heshima zake zote, nikamsikia:

"Abee, fundi."

Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Kitu kikapumua shingoni mwangu, baridi, kama mtu aliyetua mzigo. Kikasema, "Ahsante."

Nilitoka kwa mateke. Suruali ilikuwa imelowa, na jasho peke yake halilowi hivyo. Nikajikinga kwa sanduku la spana. Mwalimu akashuka, akauliza kama nimeigeuza.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikaona aibu ya ile suruali.

"Nimeigeuza."

"Na uliponiita, ulikuwa unasemaje?"

Nikamwambia nilikuwa najaribu sauti. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu afike. Akaondoka.

Siku ya nne mdogo wake alikuja na gari lile lile. Lilikutwa kando ya mto, milango imefungwa kwa ndani, ufunguo uko mahali pake, injini inanguruma. Mwalimu hayumo. Hajaonekana mpaka leo.

Mdogo mtu alikuwa na swali moja tu: je, niliigeuza kweli? Kama niliigeuza, basi dada yake aliondoka kwa hiari yake, na wao wataendelea kumtafuta miongoni mwa walio hai.

Nikamtazama machoni.

"Niliigeuza, dada."

Akajifuta machozi kwa kiganja. Akasema basi mimi sina kosa, Mungu anibariki.

Nyuma yake, ndani ya buti lililofungwa, kitu kikaguna.